Jua halizami ziwani Bukoba

Wimbo "Africa" wa kundi la Toto ulitoka mwaka 1982, na mwanzoni mwa 1983 ukashika namba moja Marekani. Mtunzi wake mkuu, David Paich, alikuwa hajawahi kukanyaga bara hili. Alitegemea filamu za televisheni na simulizi za walimu wake waliowahi kufanya umisionari huku. Ndiyo maana kwenye mashairi yake Kilimanjaro unachomoza juu ya Serengeti. Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukapita Magu na Lamadi hadi Ndabaka, geti la kuingilia Serengeti, mlima huo huuoni kabisa. Hata kutoka Seronera, katikati ya hifadhi, hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni karibu kilomita 300, na nyanda za juu za Ngorongoro zimekaa katikati.

Simlaumu sana. Aliimba hamu ya nchi asiyoijua, na hamu hiyo inasikika. Ninaowadai ukweli zaidi ni watunzi wetu wa Kanda ya Ziwa, ambao Ziwa Victoria liko mlangoni pao.

Chukua jua. Ukiwa Musoma, linazama ziwani. Bukoba iko ufukwe wa magharibi, kwa hiyo pale linachomoza upande wa maji na kuzama nyuma ya vilima. Anayeimba wapenzi ufukweni Bukoba huku jua la jioni likitumbukia ziwani ameshawapoteza wenyeji mstari wa kwanza tu. Na meli ya Mwanza kwenda Bukoba husafiri usiku. Ubeti wa kuhesabu visiwa mchana kutwa haukai humo.

Au dagaa. Mvuvi huelesha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola. Dagaa hufuata mwanga, kisha huzungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa unamezwa na dagaa hawakusanyiki. Mitumbwi mingi hubaki mwaloni, ufukweni inapoegeshwa, nyavu hushonwa, na fedha huadimika. Kwa hiyo mstari wenye mwezi mpevu na taa za wavuvi zinazometa umekosea, tena umeacha kilicho kitamu zaidi: mbalamwezi ndiyo siku ambazo mvuvi yuko nyumbani. Wimbo wa mapenzi uko hapo, na kulijua hilo kunahitaji kukaa mwaloni jioni mbili tatu na kuuliza.

Kigongo na Busisi, panapovukwa ziwa kati ya Mwanza na Geita, napo pamebadilika. Enzi za kivuko abiria walishuka kwenye basi, wakaingia kivukoni kwa miguu, wakapanda tena ng'ambo. Tangu Juni 2025 kuna daraja la takriban kilomita 3, na basi linapita moja kwa moja. Foleni ile bado inafaa kuimbwa, ila mtunzi aiweke katika wakati uliopita, na gari la Geita alipandie stendi ya Nyegezi, Mwanza.