Kababu za Chizi na Dakika Kumi za Uongo

Kuna watu wanaoandika mapishi ambao siku ya hukumu wataulizwa habari ya vitunguu peke yake. Wanakuambia: katakata vitunguu, kaanga dakika kumi hadi viwe rangi ya kahawia na utamu wake utoke. Dakika kumi! Dakika kumi kitunguu bado kinajiuliza kimeletwa kufanya nini. Mwandishi mmoja wa Marekani, Tom Scocca, uongo huu ulimchosha hadi mwaka 2012 akaingia jikoni na saa, akapima, akaandika kwenye jarida la Slate: dakika 28 ukiwasha moto mkali na usibanduke kwenye kikaango, 45 ukiwa na akili zako timamu. Laiti habari hiyo ingenifikia mapema, pale Tabata Kimanga pasingetandikwa jamvi siku ile.

Chanzo ni video. Mke wangu alikuwa amejilaza na simu yake, akaniwekea puani: dada mmoja wa Ulaya huko ana kababu nene zimelala ndani ya rojo la vitunguu, anakata moja kwa uma, chizi inavutika kutoka sahani hadi kidevuni.

"Hizi nazitaka," akasema. "Tena Jumapili mama anakuja."

Mama yake anatoka Tanga. Mnaoijua Tanga mmeshanielewa. Yule mama anajua umekosea chumvi kabla hujafunua sufuria. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, nimekulia ugali na mlenda, michembe, na matobolwa siku ambazo mambo yamenyooka. Tangu nioe, mama mkwe huwa ananiuliza kwa upole kabisa, "Baba, kwani kwenu mnapikaga nini?" kisha anasubiri jibu kwa hamu ya kweli, na hiyo hamu ndiyo inayoniuma. Nikamwambia mke wangu: Jumapili wewe kampokee mama Mbezi, jikoni niachie mimi.

Chizi nilinunua Jumamosi jioni. Video ilitaka mozzarella. Kijana wa dukani akasema mozzarella imekwisha, ila ipo hii nyeupe, "tena hii nzuri zaidi bosi, haiyeyuki ovyo." Alinisifia kile kile ambacho kilitakiwa kunikimbiza, na mimi nikalipa. Ilikuwa paneer, ile ya Wahindi. Paneer wanaipata kwa kukatisha maziwa ya moto kwa limau au siki, na chizi ya namna hiyo haiyeyuki hata uiweke motoni hadi magharibi. Inapata joto, basi. Wahindi wanajua, ndiyo maana wanaitia kwenye mchuzi wa mchicha na vipande vinabaki vipande. Mozzarella inagandishwa kwa njia nyingine, halafu inakandwa na kuvutwa kwenye maji ya moto, ndiko inakojifunzia kuvutika. Lakini siwezi kumwita kijana muongo. Alisema haiyeyuki.

Kababu zenyewe hazina hadithi. Nyama ya kusaga kilo moja, yai, chenga za mkate, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, giligilani. Unafinyanga, katikati unazika kipande cha chizi, unakaanga zishike rangi, unaweka pembeni. Nilizipanga kwenye sinia nikazipiga picha. Hadi hapo ni saa nne na nusu asubuhi na mimi ni mpishi.

Vikaja vitunguu, kilo mbili. Nilipofika katikati kisu sikioni tena. Ndani ya kitunguu kuna kimeng'enya ambacho ukikata tu kinatengeneza gesi inayopanda machoni. Watafiti wa Kijapani waliokigundua walipewa mwaka 2013 tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Wale walipewa tuzo. Mimi nilipewa pole, nitawaeleza.

Mke wangu akaondoka kwenda stendi. Nikaweka vitunguu motoni na kutazama saa. Dakika kumi: vyeupe, vimelegea, vinaogelea. Kitunguu karibu asilimia 89 ni maji, na maji yakiwa bado yamo kwenye kikaango joto halipandi kupita nyuzi 100 na kidogo, wakati ile rangi inataka joto kali kuliko hapo. Maana yake unakausha kwanza, ndipo upishi uanze. Dakika ishirini, bado vinaogelea. Nusu saa vikaanza kuwa rangi ya majani makavu, nikashangilia peke yangu, na mtungi wa gesi ukakohoa, ukazimika. Duka la gesi limefungwa, mwenyewe yuko kanisani.

Nikatoa jiko la mkaa uani. Uani kwetu tunachangia wapangaji wote, ukipika nje umepika hadharani. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukatoa moshi wa kutosha mtaa mzima. Kilo mbili zenyewe zilikuwa zimenywea hadi kiganja, rojo la watu wanne halitoki hapo, ikabidi nikate kilo nyingine pale pale. Moshi unaingia jicho la kushoto, kitunguu la kulia. Nikachukua khanga ya mke wangu nikajifunga kichwani, nyingine nikawa najifutia machozi na kamasi. Nikakaa kwenye kigoda, nimeinamia kikaango, mabega yanacheza kwa kikohozi.

Kilichofuata uani nimekipata vipande vipande baadaye. Binti yangu, miaka mitano, alikuwa anacheza rede na wenzake. Mama mwenye nyumba akamuuliza, "Baba yako ana nini?"

"Analia."

"Analia nini?"

"Bibi wa Tanga."

Mtoto kasema alichojua. Mama mwenye nyumba akaja taratibu, akachuchumaa pembeni yangu.

"Pole, baba."

"Nishapoa, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mtoto kanambia. Ni bibi wa Tanga kweli?"

"Ndiye. Anaingia leo."

"Leo hii?"

"Basi la asubuhi. Mke wangu kaenda kumpokea Mbezi."

Akaweka mkono kifuani. "Kwa basi?"

"Sasa mama, ndege nitaiweza mimi?"

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Na hapa... mtamweka wapi?"

"Chumba cha mtoto nimeshakitandika. Akitaka kurudi Tanga kesho, arudi. Akitaka kukaa mwezi mzima, ni kwake."

Akanitazama, akanishika bega. "Jikaze, baba. Wakati huu usiwe peke yako. Ngoja nikuitie watu."

"Watu sina shida nao, mama. Shida yangu hivi vitunguu."

Akaondoka anajifuta macho. Nikadhani moshi.

Sikuweza kunyanyua kichwa. Vitunguu vikishaanza kushika rangi ukigeuka vinakuungulia, na vikiungua vinakuwa vichungu, unaanza upya. Nilisikia viti vya plastiki vinaburuzwa, lakini Jumapili Kimanga viti vinaburuzwa: kuna vikoba, kuna kipaimara, kuna mpira. Wakaja wanaume wawili, wakanipa mkono bila neno. Nikawapa kiwiko, mkono una mwiko. Wakaniambia ndiyo dunia. Nikasema ndiyo. Nani atabishana na hilo?

Kisha akaja katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, na daftari.

"Jina kamili la mama?"

Nikajua ni mambo ya mjumbe, mgeni akija lazima aandikwe. Nikamtajia.

"Umri?"

"Sitini na kitu."

"Maradhi yoyote?"

"Presha. Lakini jana kanipigia mwenyewe, anasema hajawahi kujisikia mwepesi hivi."

Katibu akafunga kalamu, akageukia ukuta.

Nikampigia dada yangu Shinyanga kumlalamikia vitunguu. Akasema weka magadi, hakuna kinachobishana na magadi. Nikadondosha kidogo. Alikuwa sahihi nusu: rangi ilikuja mbio, kahawia nzuri kabisa, ila vitunguu navyo vikasalimu amri vikawa uji. Nikasema rojo si ndiyo hilo? Nikaongeza supu ya nyama, nikazamisha kababu zangu, nikafunika. Saa moja na nusu tangu vitunguu viguse mafuta. Iandikeni hiyo kwenye video zenu.

Wakati huo mke wangu yuko kwenye bajaji anatoka Mbezi, mama yake kando, kikapu cha machungwa ya Muheza miguuni. Simu ikaita. Jirani yetu wa mlango wa pili, sauti imekatika.

"Pole mwenzangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako, jamani."

"Mama yangu ninaye hapa. Anakula chungwa."

Kimya. Kisha mke wangu akamsikia yule jirani akiwaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Hali yake si nzuri. Anasema anakula chungwa."

Bajaji iliposimama mlangoni, uani palikuwa na jamvi, akina mama wamejifunga khanga, sufuria mbili kubwa za wali na maharage ziko kwenye mafiga, na kijana mmoja anatangaza kwa furaha kwamba Coaster ya kwenda Tanga imepatikana, dereva ameshachukua nusu ya fedha. Mama mkwe akashuka, akatengeneza buibui lake, akaingia.

"Asalaam aleikum."

Hakuna aliyeitikia. Mtu mmoja kwenye jamvi alianza dua na kuisahau. Mwingine alitoka kwa mlango wa nyuma, na kandambili zake ziko kwetu mpaka leo.

"Kafa nani?" mama mkwe akauliza.

Watu wakatazamana. Mama mwenye nyumba ndiye aliyepata ujasiri.

"Wewe."

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Akageuza shingo hadi akanipata mimi: khanga kichwani, macho mekundu, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, umeniua?"

"Nakupikia, mama. Kababu za chizi."

"Chizi namwona. Kababu ziko wapi?"

Akaletewa kiti cha mbele, kile cha mfiwa. Nikapakua. Uani kote watu wamenyoosha shingo, maana baada ya mambo yote yale walidhani watakula kitu cha kueleweka. Mama akakata kababu katikati, akainua kipande juu polepole, mke wangu ameshika simu anapiga video kusubiri chizi ivutike. Haikuvutika kitu. Mle ndani kulikuwa na kipande cheupe cha pembe nne, pembe zake zote zimesimama vile vile nilivyozikata.

"Hiki nini?" akauliza mama. "Ufutio?"

Akakisukuma pembeni ya sahani kwa adabu, akachovya kidole kwenye rojo, akalamba. Akachovya tena. Hapo nikaacha kupumua.

"Hivi vitunguu umekaa navyo muda gani?"

"Saa moja na nusu, mama."

"Ndiyo muda wake," akasema, na akavuta sahani karibu. Kwa mtu wa Tanga hiyo ni shahada. Alimaliza kababu zote sahanini kwake, na mwisho wa chakula ufutio ulikuwa umepangwa mstari pembeni. Wengine walikata vipande vidogo vidogo wakalia wali, rojo likasombwa hadi kikaango kikabaki kinang'aa, na mafundi wawili waliopita tu barabarani wakauliza msiba mwingine wa hapa lini.

Ikabaki rambirambi. Katibu akasimama, akakohoa, akasema kutokana na hali ilivyojitokeza fedha zitarudishwa kwa kila mmoja kulingana na daftari.

"Lete nilione hilo daftari," mama mkwe akasema.

Akavaa miwani, akasoma jina kwa jina, kidole kinashuka taratibu.

"Huyu wa elfu mbili ni nani?"

Mpangaji wa chumba cha uwani akanyanyua mkono nusu.

"Maisha yangu yote, baba? Elfu mbili?"

Akaongeza elfu tatu. Wawili wengine wakaongeza kabla hajafika kwenye majina yao. Mama akafunga daftari, akatangaza kwamba fedha ya msiba hairudi nyuma, na kwamba siku yake ikifika kweli asichangiwe na mtu hapa Kimanga, ameshamalizana nao. Katibu akasema katiba ya kikundi haina kifungu cha jambo hilo. Mama akamwambia basi kiandikwe, yeye atasubiri.

Dereva wa Coaster naye akagoma kurudisha kianzio. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa wiki mbili, lakini akasema gari lililolipiwa haliachwi. Jumatatu alfajiri akapanda, akakaa kiti cha mbele kando ya dereva na rambirambi zake kwenye pochi, na nyuma yake wanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana, ambao walikuwa wameshaomba ruhusa makazini ya kwenda Tanga kumzika.