Bunin alikosea kutorudi Urusi?

Novemba 1933 Ivan Bunin alikuwa sinema mjini Grasse, kusini mwa Ufaransa, akimtazama kwenye filamu binti wa mwandishi mwenzake, Aleksandr Kuprin. Akafuatwa humo gizani: kuna simu kutoka Stockholm. Amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Mrusi wa kwanza kuipata. Nchi hakuwa nayo. Aliondoka Odessa mwaka 1920 akiwakimbia Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa utawala wa Urusi.

Kuprin alirudi kwao 1937, mgonjwa, akafariki mwaka uliofuata. Bunin hakurudi, hata mwaka 1946 Wasovieti walipowafungulia mlango wa uraia Warusi wa Ufaransa, na mwandishi Konstantin Simonov akaja Paris kumbembeleza.

Mkataa kwao mtumwa, na wanaomlaumu Bunin wana hoja nzito. Wasomaji wake walikuwa kule. Pesa za Nobel zilikwisha haraka, nyingine akiwagawia wakimbizi wenzake, na uzee ukamkuta Paris hana kitu, anaumwa. Kirusi kilichozungumzwa Moscow kilikuwa kikibadilika bila yeye kukisikia.

Lakini mshairi Marina Tsvetaeva alirudi, Juni 1939, akiwafuata mume na binti. Kufikia Oktoba wote wawili walikuwa wamekamatwa. Agosti 1941 mshairi huyo alijinyonga huko Yelabuga, na mumewe akapigwa risasi mwaka huohuo. Nikikumbuka hilo, siwezi kumwambia Bunin angefunga mizigo.

Tena, kwao hakupakataa, aliwakataa waliopashika. Tangu kabla ya vita, kisha kwa njaa na baridi ya Grasse vita vilipokuja, aliandika hadithi za mapenzi ambazo karibu zote zinarudi Urusi. Katika mojawapo, afisa mzee anaingia nyumba ya wageni barabarani na kugundua kwamba mwenye nyumba ni mwanamke ambaye yeye alimwacha ujanani. Anakisia: imepita miaka 35? Mwanamke anamsahihisha: 30. Aliyeondoka anakadiria, aliyeachwa amehesabu. Nikisoma hapo huona Bunin yuko upande wa mwanamke, ingawa yeye ndiye aliyeondoka. Sidhani angeuandika ukurasa ule akiwa Moscow, chini ya wakaguzi wa maandishi.

Alifariki Paris Novemba 1953. Mwaka 1956 Moscow ikachapa kazi zake kwa juzuu 5, na wale wasomaji aliosihiwa awafuate wakaanza kumsoma. Yeye alikuwa amelala Sainte-Geneviève-des-Bois, makaburi ya Warusi nje ya Paris.