Heaven or Las Vegas si albamu ya kulalia

Waulize wanaoipenda Heaven or Las Vegas, albamu ya bendi ya Cocteau Twins, wanasikia nini humo, na wengi watakujibu kwa maneno yale yale: mawingu, malaika, kuelea, usingizi. Mmoja atakwambia huiweka usiku ili alale. Mwingine atasema haelewi hata neno moja na wala hataki kuelewa, maana akielewa utamu utakwisha. Sifa hizi nimezisikia miaka mingi, na kila nikizisikia naumia, kama unavyoumia mtu anapomsifia mama yako kanga aliyojifunga, kisha akaondoka bila hata kumjulia hali.

Mimi albamu hii ilinikuta usiku wa manane, lakini sikuwa nalala. Mwanangu wa kwanza alikuwa na wiki sita na chango lilikuwa halimpi nafasi. Nilikuwa nimemlaza begani, natoka sebuleni naenda jikoni, nageuka narudi, sikio moja nimelitia hedifoni, jingine nasikiliza anavyopumua. Ukaja wimbo wa pili, Pitch the Baby. Mashine ya ngoma inadundadunda, besi inazunguka chini yake, na sauti ya mwimbaji wao, Elizabeth Fraser, inakuja mbio mbio kama ya mtu aliyeshikwa na furaha asiyojua aiweke wapi. Miguu yangu ikaanza kufuata mdundo wenyewe. Mtoto akanyamaza. Sikuwa najua chochote kuhusu wimbo ule, lakini nilijua kwamba aliyeuimba naye amewahi kukesha.

Baadaye nikasoma habari zake. Fraser na mpiga gitaa Robin Guthrie, wenzi waliotoka Grangemouth huko Uskoti, walikuwa wamepata binti mwaka 1989. Pitch the Baby ni wimbo wa kumzaa mtoto huyo. Albamu ilirekodiwa kwenye studio yao Twickenham, London, na kutolewa na kampuni ya 4AD Septemba 1990. Guthrie wakati huo alikuwa ameshazama kwenye kokeini, na nyumba ilikuwa inamtegemea mama mwenye kichanga na wasiwasi wake. Mwenzao wa tatu, Simon Raymonde wa besi na piano, alifiwa na baba yake, Ivor Raymonde, katika miezi hiyo hiyo. Huyo Ivor ndiye aliyekuwa akimpangia muziki mwimbaji Dusty Springfield miaka ya 60.

Kwa hiyo weka pamoja: kichanga, ulevi, msiba. Hao ndio watu wanaoambiwa muziki wao ni mawingu.

Wapo wanaosema albamu kubwa ya Cocteau Twins ni Treasure ya 1984, na kwamba Fraser wa hapa amejirahisisha, amekuwa mwimbaji wa pop kama wengine. Nawaelewa. Nyimbo ni kumi, hazifiki hata dakika 38, na vibwagizo vyake unaweza kuviimba ukiwa unafua. Ilifika nafasi ya saba kwenye chati ya Uingereza. Lakini wanachokiita kujirahisisha mimi nakiita ujasiri. Kwa miaka mingi Fraser alikuwa akiimba maneno aliyoyapenda kwa mlio wake tu, mengine ya lugha asizozijua, na hakuna aliyeweza kumshika kwa alichosema. Hapa, akiwa na mtoto mikononi, anaanza kujiachia. Sikiliza Cherry-Coloured Funk, wimbo unaofungua. Ubeti anauimba chini, karibu kifuani, kama anazungumza na mtu aliye chumba kimoja naye. Kisha kibwagizo kinafika na sauti inapanda ghafla, inapasua juu ya magitaa. Mtu anayejificha hapandi hivyo. Na ukiipa nafasi, utaanza kuyaokota maneno, moja hapa, moja pale, mengi kuliko kwenye albamu yoyote waliyoitoa kabla.

Wanaosema nyimbo zinafanana nao nitawapa haki yao kidogo. Guthrie anarundika gitaa juu ya gitaa na kulitia mwangwi mpaka hujui kama ni nyuzi au kinanda, na mtu asiye na subira atasikia ukuta mmoja tu. Hata mimi Road, River and Rail hunipita haraka. Ila asiyesikia tofauti kati ya Fifty-Fifty Clown, ulioachwa wazi na besi ikatangulia, na gitaa linaloteleza kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, huyo hajakaa nayo.

Lakini hoja inayonigusa zaidi ni ile ya maneno. Kwamba kwa kuwa huelewi, basi hakuna cha kuelewa. Sisi tuliokulia kwenye nyumba zilizopiga rumba ya Kilingala tungekuwa wa kwanza kulikataa hilo. Nyumbani kwetu kulikuwa na wimbo mmoja ambao kila ukipigwa watoto wote tulikimbilia uwanjani kucheza. Tuliuimba wote, silabi kwa silabi, bila kujua tunasema nini. Siku moja jirani yetu, mama mmoja wa Kikongo, akatuita, akatukalisha kwenye mkeka, akatufasiria ubeti baada ya ubeti. Alikuwa ni mtu anamlilia ndugu yake aliyekufa. Hatukuacha kuupenda. Tuliupenda zaidi, ila siku ile hakuna aliyecheza, na kaka yangu mkubwa aliomba urudiwe kuanzia mwanzo.

Ndiyo maana siwezi kukubali albamu hii ifanywe dawa ya usingizi. Anayelala nayo mara nyingi hafiki wimbo wa kumi, Frou-Frou Foxes in Midsummer Fires, na huo ndio uliobeba msiba. Raymonde amesimulia kwamba piano ile aliitunga siku moja baada ya baba yake kufa. Inaanza taratibu, vidole vinatafuta njia, na Fraser anaingia kwa upole, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yenye kilio. Kisha magitaa yanafunguka yote kwa pamoja na sauti ya Fraser inapanda juu ya magitaa hayo, na kwa dakika chache yeye na Guthrie, pamoja na yote yaliyokuwa yakiwatenganisha, wanambeba mwenzao.

Mwanangu sasa yuko darasa la tano na analala usiku kucha. Mimi bado naisikiliza nikitembea, sebuleni hadi jikoni, na wimbo wa kumi ukikaribia nasimama.