Ufagio Uko Kwenye Kumbatio

Jamani, hawa Wawelisi wataniua na maneno yao. Nimepanga chumba Swansea, kusini mwa Wales, kwa bibi mmoja na mzee wake. Neno la kwanza kunifundisha: cwtch. Litazame mwenyewe. Herufi tano, hakuna a, e, i, o wala u. Eti w ndiyo irabu, inasomwa u! Na ulimi wa Tanga haukubali neno liishe hewani, basi mimi nikaliita kuchi, yakaisha.

Kuchi ni kumbatio. Siyo lile la kugusana mabega huku unatazama saa; ni la kukufunika mpaka unanusa sabuni ya kufulia. Mtoto akianguka, kuchi. Ukifiwa, kuchi. Wales ikifungwa raga, kuchi nyumba nzima. Hata asiyejua Kiwelisi analichomeka katikati ya Kiingereza chake. (Wa kaskazini wana neno lao jingine, sitaki hata kulijua.) Mimi niliyelelewa kumwamkia bibi wa umri ule shikamoo nikiwa hatua tatu nyuma, nikajifunza miezi mitatu kukumbatiwa na mke wa mtu, mwenyewe kakaa pale anatazama.

Nikazoea. Juzi nikamwaga sukari jikoni, sakafu nzima. Bibi akaja, akasema kwa upole maneno mengi, nikadaka moja tu: cwtch. Nikaona huruma ya mama hiyo! Nikatanua mikono, nikamkumbatia barabara.

Mzee akashusha gazeti. "Na ufagio je?"

Kumbe kuchi pia ni kijistoo cha chini ya ngazi! Bibi alikuwa ananielekeza ufagio ulipo. Na enzi za migodi, hata pa kuwekea makaa ya mawe palikuwa cwtch. Sawa, nimeelewa, ni mahali padogo pa kujibanza. Lakini kumbatio gani lina mita ya gesi, mti wa Krismasi wa plastiki, na dari inayoshuka taratibu mpaka ikutane na utosi wako? Nilitoka na ufagio mkononi na nundu kichwani. Bibi kuiona tu, akanipa kuchi la aina ya kwanza.

Usiku nikampigia mke wangu, nikamwambia leo mwenye nyumba kanipa kuchi.

Akafurahi huyo! "Jogoo au tetea? Kama jogoo, muuze kesho, utume ada ya watoto."