Ulaya sio wavivu, Ulaya imekatwa vipande

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa yuko Texas kakaa kwenye gari lake kubwa anatuambia sisi wa Ulaya tumepotea njia, eti nesi wa kule anakunja dola elfu themanini na ushee kwa mwaka halafu huku tunahesabu senti kwa sababu Wazungu wa Ulaya ni wavivu, wanapenda likizo. Nimetumiwa na shangazi, nimetumiwa na binamu, nimetumiwa na mtu ambaye hata sijui namba yangu kaitoa wapi. Haya, ngoja niongee.

Hela yenyewe ni ya kweli, simbishii. Mwaka 2023 nusu ya manesi waliosajiliwa Marekani walikuwa wanapata zaidi ya dola 86,000, na hapa Ujerumani nesi akizikaribia hizo ujue keshakuwa bosi. Na likizo ni kweli pia, sheria ya hapa ni angalau siku 20 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, kule sheria ya taifa haikupi hata siku moja ya kulipwa. Wanapiga kazi masaa mengi kuliko sisi, sawa. Ila masaa peke yake hayaelezi pengo lote hilo la hela, bana.

Nina rafiki hapa Hamburg anatengeneza pilipili ya chupa, ya embe na kitunguu saumu, ukiionja unamsamehe mpaka aliyekudhulumu. Ikaanza kuuzika, akapata watu wanaitaka Ufaransa na Austria, akasema si Ulaya ni moja, euro moja, mpaka haupo. Mpaka haupo kwako wewe na begi lako. Chupa ina mipaka yake. Ufaransa wanataka lebo ya Kifaransa, wanataka alama yao ya kutenganisha takataka inayoitwa Triman, na ujisajili kwenye mfumo wao wa vifungashio. Austria nao tangu 2023 ukiwa muuzaji wa nje unayemtumia mteja mzigo moja kwa moja lazima uwe na mwakilishi wa hukohuko wa kushughulikia hivyo vifungashio, na mwakilishi halipwi kwa dua. Ujerumani kwenyewe alishajisajili kwingine, kwenye daftari la vifungashio la hapa linaloitwa LUCID. Hizo ni nchi tatu tu, bado 24! Akapiga hesabu, akaacha. Anauza hapahapa, kaajiri mtu mmoja wa masaa machache, na mshahara wa huyo mtu ndio huo mnaoucheka kwenye magrupu.

Mwenzake wa Ohio, Marekani, akishamalizana na FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, anabandika lebo moja ya Kiingereza anawauzia watu zaidi ya milioni 330. Mtaniambia kila jimbo kule lina kodi yake ya mauzo, na tangu kesi ya kampuni ya Wayfair kwenye mahakama kuu yao mwaka 2018 majimbo yanamdai hata muuzaji aliye mbali. Ni kweli. Kwenye VAT Ulaya ni afadhali kidogo, tangu Julai 2021 unaripoti sehemu moja tu, inaniuma kuwasifia ila ndio hivyo.

Sasa hiyo pilipili ifanye iwe programu ya simu au kampuni ya dawa uone. Mario Draghi, yule aliyekuwa mkuu wa benki kuu ya Ulaya, aliandika kwenye ripoti yake ya Septemba 2024 kwamba kwa miaka 50 hakuna kampuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza sifuri ikafika thamani ya euro bilioni 100, wakati zile sita za Marekani zilizopita trilioni moja zote zimezaliwa ndani ya miaka hiyohiyo. Na hata inayochipuka huku inakimbia: Spotify, ile ya muziki, ni ya Sweden, hisa zake 2018 ikaenda kuzipeleka New York, kwa sababu mtaji ndiko uliko. Kule mifuko ya pensheni imeruhusiwa kujaribu bahati na kampuni changa tangu 1979. Huku hela za watu zimelala benki.

Na msiseme nesi hahusiani na programu za simu. Kampuni zenye faida nono zikilipa vizuri bei ya watu inapanda mji mzima, hospitali ikitaka mtu lazima iongeze dau. Halafu Wamarekani wanatumia kama asilimia 17 ya uchumi wao kwenye matibabu, Ujerumani kama 12, unadhani yule nesi analipwa na malaika? Analipwa na mgonjwa, na huyo mgonjwa kesho ni yeye.

Gesi ya viwandani nayo, kule ni yao na ni rahisi, Ujerumani ilikosa ya Urusi 2022. Kufukuzwa kazi kule ni rahisi karibu majimbo yote isipokuwa Montana, kwa hiyo na kuajiri hawaogopi. Halafu huyo mheshimiwa wa Texas mbona hakutaja kwamba kima cha chini cha taifa lake ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na jimbo lake linatumia hichohicho? Hapa mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82.

Kwa mnaoniuliza inbox muende wapi: ukiwa nesi kijana, huna mtoto, unatafuta hela, nenda Marekani, soma NCLEX, mtihani wao wa leseni ya unesi, ufaulu. Ukitaka kuzaa, kule sheria ya taifa ni likizo ya wiki 12 bila malipo, tena mpaka mwajiri awe na watu 50. Huku ni wiki 14 na unalipwa, ila kwanza ufikishe Kijerumani cha kiwango cha B2, na hicho Kijerumani sitaki hata kukianza leo.