Picha za Joy Adamson: tusome shanga kabla ya kuhukumu

Picha za mchoraji Joy Adamson zikitajwa Nairobi, neno la kwanza kumtoka mtu ni "ukoloni". Si uongo. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyomtuma kuchora makabila ya Kenya, kazi iliyomchukua kama miaka sita. Katikati ya safari hizo, Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa kukabili uasi wa Mau Mau. Aprili 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa mitaani humuhumu jijini na kutiwa kizuizini. Kwenye picha, wazee wametulia na mapambo yao. Alitafuta mavazi ya jadi yaliyokuwa yakitoweka. Kaptula na gauni za pamba, ambazo wengi walishazizoea, hazikumhusu. Anayesema picha hizi zimeficha miaka ya 1950 simbishii.

Ila nenda Makumbusho ya Taifa, usogee karibu. Picha za kamera za wakati ule nyingi ni nyeusi na nyeupe: shanga nyekundu na ya kijani zote hugeuka kijivu. Sasa, kwa Wamaasai na Wasamburu, mapambo hutangaza rika, na hutofautisha aliyeolewa na asiyeolewa. Toa rangi, umemnyamazisha aliyeyavaa! Adamson alitokea kwenye kuchora mimea, kazi isiyosamehe hata petali moja iliyozidi, na jicho hilohilo akalielekeza kwenye ushanga, ngozi na hereni. Brashi yake ya rangi za maji ilihifadhi ambacho kamera nyingi zilikipoteza. Hilo halisemwi vya kutosha, nami linaniuma.

Tena shanga zenyewe zinakanusha dhana ya "asili" iliyoganda. Nyingi za kioo zilivuka bahari kutoka Venice na Bohemia. Adamson mwenyewe alizaliwa Opava, mji ambao leo, sawa na Bohemia, uko Jamhuri ya Cheki. Bibi zetu walizipokea bidhaa za wageni, wakachagua rangi, wakazipa maana yao. Ustadi huo ni wao, si wa mchoraji.

Ndiyo maana sioni faida ya kuzificha picha hizi stoo. Mwaka 2004 tulibuniwa vazi la taifa, wananchi wakalipita tu. Wabunifu wa leo wanahitaji kuona mshono ulivyokaa. Kando ya kila picha liwekwe pambo lenyewe pale linapopatikana, na maelezo ya fundi wa jamii husika, kwa lugha yake na kwa Kiswahili.