St. Helens: kwani nikitoka nje ya njia naharibu nini?

Ukienda Mount St. Helens, mlima wa volkano kule jimbo la Washington, Marekani, cha kwanza kukukera sio jua wala vumbi, ni kibao. Usitoke nje ya njia, ukitoka faini inaanzia dola 100. Unaangalia huku na huku, mbele yako uwanda mzima ni mawe ya kijivu, mepesi mpaka ukiyatupa majini yanaelea, unajiuliza sasa hapa naharibu nini jamani, si mlima ulishamaliza kila kitu wenyewe?

Na swali sio la kijinga. Tarehe 18 Mei 1980, saa mbili na nusu asubuhi hivi, ubavu wa kaskazini uliporomoka wote kwa mpigo, mlipuko ukatokea ubavuni badala ya kupanda juu, watu 57 wakafa, mlima ukapungua kimo karibu mita 400 na msitu wa kilomita za mraba kama 600 ukaharibiwa. Baada ya hayo, kiatu changu ni nini?

Ila inama. Mimi niliinama vidole vikiwa bado ndani ya njia (mia yangu naipenda), na pembeni kabisa kulikuwa na kimmea cha lupini, hakifiki hata shibiri, majani yametanuka kama kiganja cha mtoto, yana vinyweleo vinavyong'aa, ua zambarau. Hiki ndicho kilichotangulia kuota uwandani, miaka michache tu baada ya mlipuko. Mizizini kina bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, ambayo ni chakula cha mimea, kwa hiyo kinaota pasipo na udongo wa maana, kinakufa, kinaoza, anayekuja nyuma anakuta pa kuanzia. Kwenye miteremko mingine kazi hiyo walifanya panya fuko, walinusurika kwa kuwa tu walikuwa chini ya ardhi, wakaendelea kufukua kama kawaida yao na kuleta udongo wa zamani juu ya majivu. Sasa kiatu kimoja ni kidogo kweli, ila viatu vya watu elfu hapohapo pamoja na mbegu za magugu zilizoganda kwenye soli, hiyo ni habari nyingine.

Kuna wanaosema kupaacha pajiponee ni kupoteza muda. Mwaka 1982 Bunge la Marekani lilitenga hekta kama 44,500 asili ijiendee yenyewe, huku nje ya mpaka kampuni ya Weyerhaeuser ikapanda miti mamilioni, na kweli huko msitu umesimama zamani, mbao zinavunwa, watu wana kazi. Sawa, lakini ule ni msitu wa mistari, miti rika moja, kivuli kizito chini hakuoti kitu. Huku kwenye uwazi ndiko kwenye maua na ndege wa kila aina.

Ninapokwama mimi ni Spirit Lake, ziwa lililo chini ya mlima. Maporomoko yale yaliziba mdomo wa ziwa, na likijaa likavunja kizuizi, maji na tope yanashuka bonde la mto Toutle mpaka kwenye miji ya chini. Ndio maana likachimbwa handaki la kilomita 2.6 kupunguza maji, lilikamilika 1985, na sasa linahitaji matengenezo, na mpango ni kupitisha barabara kwenye uwanda uleule wa lupini. Watafiti wenye viwanja vya vipimo pale toka miaka ya 80 wakapinga, kesi ikafika mahakamani. Nawaelewa, data ya miaka arobaini huwezi kuianza upya, halafu inachekesha kidogo, mimi na kiatu dola 100, malori yapite?

Lakini nikipima naona havilingani. Lori linaenda kuokoa watu wanaolala bondeni chini ya lile ziwa, mimi natoka njiani kwa ajili ya picha. Handaki litengenezwe, barabara iwe nyembamba kadiri inavyowezekana na ifungwe kazi ikiisha. Nachowadai wahifadhi ni kimoja tu, njia zipitishwe karibu zaidi na vitu vyenyewe, maana wengi pale walikuwa wanapiga picha kreta, lile shimo la mlima, wanageuza gari, ile lupini iko mita moja na magurudumu na hakuna aliyeiona.